Mpaka Rispa Apande

Rodi Kopany, Jumatatu, 12 Februari 1996

Leo ubia wangu na Cephas Okumu umekwisha, na nimekula ugali sahani mbili. Nyasuguta mke wangu amenitazama akasema, "Baba Mokeira, watu wakiachana hulia. Wewe unaongeza mboga."

Ni kweli. Nimetua mzigo. Miaka thelathini na minane nimesikiliza redio ya Cephas ikipiga kelele tangu asubuhi. Nimebishana naye kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe, na kila nilipotaka kubadilisha kitu dukani aliniambia, "Omera, ndugu yangu, ngoja." Ngoja, ngoja, ngoja. Sasa amevuka barabara na redio yake, amekodi chumba kinachotazamana na changu. Angoje huko.

Kwa atakayesoma daftari hili nikiwa sipo: duka hili la mbegu na majembe tulilifungua mwaka wa 1958, mkoloni akiwa bado na bendera yake Homa Bay. Mimi Mkuria wa Kegonga, yeye Mjaluo wa hapahapa. Karani wa leseni alisema Mwafrika mmoja hawezi kuaminika na duka, lakini wawili watachungana. Tulichungana kweli. Mimi nilikwenda Kitale kuchagua mbegu, yeye alisimama kaunta. Msimu wa kupanda ulipofika mimi nilikuwa barabarani nikitafuta mbegu nyingine, kwa hiyo wateja wetu nawajua kwa visogo tu.

Katika kugawana, mbegu zote zimebaki kwangu, naye amechukua sukari, sabuni na mafuta ya taa. Nyasuguta amenipa msimu mmoja. Mbegu zikiisha, tunabaki. Zisipoisha, tunafunga mlango na kurudi Kegonga, kwa sababu mbegu haikai mpaka mwaka ujao na sisi si vijana wa kuanza upya. Kegonga siku hizi wananiita yule wa Ujaluo. Hapa wananiita jadak, mtu aliyekuja kukaa tu. Lakini nikilazimika kuchagua, ni hapa.

Jumanne, 13 Februari

Jua kali. Wateja wawili, na wote wawili wamekuja kuuliza Cephas amehamia wapi.

Alhamisi, 15 Februari

Cephas ameshusha magunia ya mbegu kutoka kwenye lori nisilolijua. Kwa hiyo ni vita. Sawa.

Jumamosi, 17 Februari

Leo nimepanga rafu ya nyuma ya kaunta, ile ambayo Cephas hakutaka niiguse. Imejaa pakiti za mahindi zilizoandikwa majina kwa penseli: Millicent mke wa Austine, Joyline, Damaris, na wengine. Wamechagua na kulipia tangu Januari, na pakiti zimekaa tu zinakula vumbi! Hii ndiyo "ngoja" ya Cephas. Mvua iko mlangoni na muuzaji ameikalia mbegu ya watu.

Nimemwambia Nyasuguta kwamba nitazipeleka mwenyewe kwa baiskeli, nyumba kwa nyumba. Mtu akiletewa mbegu mpaka mlangoni, atavuka barabara kwenda kwa Cephas kutafuta nini?

"Labda ziliwekwa hapo kwa sababu," Nyasuguta amesema.

"Sababu ni uvivu."

Jumatatu, 19 Februari

Nimeanza na Roseline, yule mama wa kanisani aliyeokoka. Amenishika mkono kwa mikono miwili. "Praise God, Mzee Gisiri! Mbegu mpaka kwa mlango! Cephas hajawahi kutufanyia hii." Nimerudi nikipiga kengele ya baiskeli bila sababu.

Jumatano, 21 Februari

Nimemaliza zote. Magoti yanauma na moyo umetulia. Millicent ndiye aliyenifurahisha zaidi. Msichana huyu aliolewa mwaka jana, na mumewe Austine yuko Awendo, anapakia miwa. Alipoiona pakiti aliangalia nyumba ya mama mkwe wake, akaangalia tena pakiti. "Jaduong', mzee wangu, unaniachia mimi? Mimi mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, wewe mwenyewe, jina lako si hili? Akaipokea kama mtoto mchanga. Nikasema moyoni, huyu hatanisahau.

Jumanne, 27 Februari

Mvua ya kwanza, kubwa, tangu alfajiri. Nimesimama mlangoni nikiinusa. Mungu ni mwema kwa wauza mbegu.

Jumamosi, 2 Machi

Ajabu. Mvua inanyesha vizuri na hakuna anayenunua. Nilitegemea kuona foleni kwa Cephas, lakini kwake pia hakuna mtu. Amekaa na redio yake. Tumetazamana ng'ambo ya barabara kama jogoo wawili waliosahau walichokuwa wakigombania.

Jumatano, 6 Machi

Nitaandika yote.

Saa tatu asubuhi ameingia Phelesia, mama mkwe wa Millicent, mke wa ndugu mdogo wa Cephas. Ni mwanamke mrefu, asiyepaza sauti. Hakunisalimu. Ameweka juu ya kaunta fungu la miche ya mahindi iliyong'olewa, mizizi ikiwa bado na udongo, na udongo ukamwagika kwenye kitabu changu cha risiti.

"Unajua hii ni nini?"

"Mahindi, Mama."

"Hii ni mahindi ya Millicent. Imeota. Sasa niulize mahindi yangu iko wapi."

"Mahindi yako iko wapi?"

"Iko kwa duka yako, kwa gunia! Mimi sijapanda! Mtoto niliyemleta nyumbani juzi, amepanda mbele yangu. Ni nani alimpatia mbegu?"

Nimesema kwamba mimi nilipeleka tu, sikumwambia apande. Amenitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetazama kuku akijaribu kuogelea.

"Jaduong' Gisiri. Msichana yuko peke yake, bwana hayuko. Mbegu iko chini ya kitanda. Mvua inakuja, udongo inanukia. Wewe ungefanya nini? Ndiyo maana mbegu ya hawa watoto inakaa kwa duka. Haiingii kwa nyumba yao mpaka mama amegolo kodhi."

Golo kodhi, kutoa mbegu. Mama wa kwanza wa nyumba hupanda kwanza, kisha wa pili, kisha wake za wana, kila mmoja kwa nafasi yake. Anayeruka zamu huleta chira nyumbani, na chira hukondesha watu mpaka kaburini. Haya nilikuwa nikiyasikia, sitadanganya. Nilikuwa nikiyasikia kama mtu anavyosikia kwamba jirani yake ana mzio wa mayai. Sikuwahi kufikiri kwamba rafu yangu mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikilinda nyumba za watu.

Nimeuliza Millicent yuko wapi.

"Amerudi kwao, Homa Bay. Hakufukuzwa. Amekimbia kwa aibu, analia. Na mimi nampenda huyo mtoto." Hapo ndipo sauti yake ilipotikisika, akaondoka. Miche ameiacha.

Nimeona haya mpaka masikio yamewaka moto. Nilimwita Cephas mvivu kwa miaka thelathini na minane, na kumbe yeye alikuwa akifanya kazi ambayo sikuwa na macho ya kuiona.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefungua mlango nikakuta pakiti nne kizingitini. Mchana Joyline amekuja, ameweka yake kaunta, ameondoka. Kufikia jioni zimerudi zote isipokuwa ya Millicent iliyokwisha kupandwa na ya Roseline, ambaye anasema Yesu ndiye anayemtolea mbegu.

Basi. Wamenikataa. Nyasuguta ameanza kufunga vyungu kwa kamba.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kwa Phelesia kwa miguu. Baiskeli nimeona aibu kuipanda. Nilibeba pakiti mbili, yake na nyingine ya kufidia ya Millicent. Nimesimama nje ya ua mpaka aliponiita.

Nimemwambia wazi kwamba nimekosa, kwamba msichana hana kosa, kosa ni la mzee mjinga mwenye kengele ya baiskeli. Amecheka kidogo kwenye neno kengele, nami nikapumua.

"Millicent atarudi," amesema. "Iliyoota tumeng'oa yote. Nikipanda mimi, yeye atapanda tena nyuma yangu, inaisha. Hii si kitu haina dawa."

"Basi chukua mbegu, Mama, upande leo. Udongo uko tayari."

"Nipande leo?" Amepiga makofi. "Gisiri, wewe kweli ulikuwa unaishi wapi miaka hii yote? Nitapandaje na Rispa hajapanda?"

Rispa ni mke wa kwanza wa Cephas. Cephas ndiye mkubwa kati ya ndugu zake, na ukoo wao una nyumba kumi na tisa, kutoka nyuma ya soko mpaka kule bondeni. Rispa asipotoa mbegu, hakuna anayetoa. Hii ndiyo sababu duka langu ni tupu na la Cephas ni tupu. Watu hawajanikimbia, wanangoja.

"Na hizi pakiti walizonirudishia?"

"Wangekuwa wamekukataa wangemwagia kuku. Wamekurudishia ukae nayo. Si hiyo ndiyo kazi ya duka?"

Nimelazimika kukaa chini kwenye kigoda cha watoto. Nilikuwa nimeyafunga maisha yangu pamoja na vyungu vya Nyasuguta, na kumbe wale wanawake walikuwa wananiamini kuliko nilivyojiamini.

Lakini furaha haikumaliza hata kikombe cha chai. Nimeuliza Rispa anangoja nini, na Phelesia ameangalia pembeni kabla ya kujibu.

"Ile usiku kabla ya kutoa mbegu, mzee lazima alale kwa nyumba ya mikayi, bibi wake wa kwanza. Ni lazima. Sasa Cephas wamekosana na Rispa, analala kwa duka na redio yake, wiki tatu. Mbegu itatolewa na redio?"

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Hakuna mtu.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua nzuri mno. Inanyesha bure.

Jumatano, 13 Machi

Damaris amepita akauliza kama nimesikia lolote kuhusu Cephas. Nimesema sijui. Amesema mvua ikipita, mwaka huu watakula upepo. Kwa hesabu yangu ya miaka mingi, mahindi yasipoingia ardhini kabla ya mwisho wa mwezi, hayatakuwa na maana. Wao watalala njaa, nami nitabaki na magunia, na Nyasuguta amebakiza sufuria moja tu kufunga.

Ijumaa, 15 Machi

Nimevuka barabara.

Ilinichukua asubuhi nzima. Mara tatu nilifika ukingoni nikarudi, nikijifanya nimesahau kitu. Mara ya nne Nyasuguta amesema kutoka ndani, "Hiyo barabara haina mamba, Baba Mokeira." Nikaenda.

Cephas alikuwa nyuma ya kaunta na kofia yake ya sufu. Aliponiona alifunika kitu haraka kwa gazeti. Nimemjua mtu huyu tangu sote tukiwa na meno yote. Nimelifunua gazeti. Chini yake kulikuwa na kitambaa chenye maji na mbegu ishirini zilizopangwa safu. Zilizochipua ni sita.

Redio ilikuwa inatangaza vifo.

"Ya lori?" nimeuliza.

"Ya lori." Amezima redio. Nadhani ni mara ya kwanza kumwona akiizima mchana. "Walikuja na risiti, na muhuri. Wewe ungejua. Wewe unatia kinywani, unauma, unajua. Mimi najua watu tu."

"Umemuuzia nani?"

"Hakuna. Wote wanangoja Rispa." Amekuna kichwa. "Nilibeba moja nyumbani, Rispa akaweka kwa kitambaa hivi. Akaniambia, 'Mbegu ya mkono wa Gisiri nimepanda tangu nikiwa bibi arusi. Hii yako peleka kwa kuku, na wewe ulale huko huko.' Nikasema sawa, nitalala dukani. Mwanaume hawezi kuambiwa hivyo."

Nilitaka kushikilia hasira, lakini kicheko kikanitoka, nikacheka mpaka nikashika kaunta. Kwanza alikasirika. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika chini ya koti.

"Kwa nini hukuniambia ile rafu ni ya kazi gani?" nimemuuliza tulipotulia.

"Nilikuambia. Miaka thelathini na nane nimekuambia ngoja."

"Ngoja si maelezo, Cephas."

"Omera, nilifikiri unajua. Mtu anaishi hapa miaka hiyo yote, utaanzaje kumwambia?"

Nimetoa pakiti niliyoificha ndani ya shati. Ilikuwa ya mbegu bora kuliko zote, niliyoiuma mwenyewe. Nimeiweka juu ya kitambaa chake.

"Nenda nyumbani."

"Nikitembea na mbegu yako, watu watasema umenishinda."

"Itie ndani ya koti."

"Koti haifungi, tumbo imekataa."

"Cephas! Nyumba kumi na tisa zinangoja tumbo lako?"

Ameishika pakiti. Ameuliza nani ataangalia duka lake. Nimemwambia mimi, yote mawili, kama zamani. Alipofika mlangoni amegeuka. "Lakini haturudiani," amesema. Nikamwambia Mungu apishe mbali. Sote wawili tulifarijika.

Jumamosi, 16 Machi

Saa nne asubuhi Rispa ameingia dukani. Ni mwanamke mfupi, mnene, na miguu yake ilikuwa imejaa tope mpaka magotini. Sijawahi kuona tope zuri kama lile.

"Umepanda, Mama?"

"Nimepanda. Mzee wenu bado amelala, anakoroma." Akainua mkono nisishangilie mapema. Alikuwa anaangalia mlango wa nyuma, pale kwenye kijishamba chetu kati ya choo na uzio. "Nyinyi hapo nyuma mmepanda?"

"Bado."

"Mwaka jana Nyasuguta alipanda lini?"

"Mvua iliponyesha. Sisi hupanda tukitaka."

"Najua. Nimewaona miaka yote mkipanda mkitaka. Hakuna mtu aliwaambia kitu, kwa sababu mlikuwa wageni, mgeni anaachwa tu." Amepangusa mikono kwenye leso. "Mwaka huu msiguse jembe. Nyinyi mko nyuma ya Phelesia. Phelesia akimaliza na watoto wake, ndiyo nyinyi, na nyuma yenu ni Joyline wa nyumba inayofuata. Umesikia, Gisiri?"

Nimesema nimesikia. Kisha nimeingia stoo nikijifanya natafuta kamba, nimesimama humo gizani nimeegemea magunia, na machozi yamenitoka, mzee wa miaka sitini na sita. Tangu nizaliwe sijafurahi hivi kwa kukatazwa jambo.

Nyasuguta nilipomwambia amewaka. "Rispa ni nani wa kunipangia jembe? Nimepanda hapo kabla binti zake hawajazaliwa!" Amegonga vyombo kwa muda. Halafu sauti imekuja kutoka jikoni, ya chini zaidi: "Nyuma ya Phelesia, mbele ya nani?"

"Mbele ya Joyline."



"Basi sawa."

Jumatatu, 18 Machi

Sina nafasi ya kuandika. Foleni mpaka kwa fundi viatu.

Jumatano, 20 Machi

Nauza kwa zamu. Nisipojua mtu yuko wapi kwenye zamu, nasimama mlangoni na kuita ng'ambo, "Cephas! Damaris je?" Naye hujibu bila kuinuka, "Bado! Mama yake anamaliza kesho!" Wanaonunua mbegu kwangu huvuka kwake kuchukua sukari. Magunia ya lori ameyageuza chakula cha kuku. Redio anaifungua kwa sauti ya juu vilevile, ila sasa kuna barabara katikati, na barabara ni kitu kizuri sana kati ya marafiki.

Jumanne, 26 Machi

Siku kumi Nyasuguta amekuwa akiitazama mvua ikipita juu ya kijishamba chake, akilalamika kwa kila aliyeingia dukani. "Mimi siwezi kupanda, niko nyuma ya Phelesia," anawaambia. Amelisema hata kwa mtu wa soda kutoka Kisii ambaye hakuuliza chochote. Lawama za namna hiyo sijawahi kuzisikia. Zilikuwa na kiburi ndani yake.

Gunia la mwisho limefika nusu. Tunabaki.

Leo soko lilikuwa limefurika. Nilikuwa nikipima maharagwe Phelesia alipoingia, na nyuma yake Millicent, amekonda kidogo, matope yamemrukia mpaka usoni, anatabasamu chini chini. Phelesia safari hii amenisalimu kwa mkono.

"Mimi nimemaliza," amesema. "Na huyu amemaliza sasa hivi, nyuma yangu. Haya, ni nyinyi."

Kabla sijajibu nimesikia jembe huko nyuma. Nyasuguta alikuwa amelishika tangu asubuhi.

Nimewaomba radhi wateja, nimefunga duka siku ya soko, saa tano, watu wakiwa wamejaa barazani, na hakuna aliyenung'unika. Nimekunja suruali nikaenda kumshikia Nyasuguta mbegu. Ameanza kuchimba mashimo bila haraka, mstari kwa mstari, akinyoosha mgongo mara kwa mara kama mwenye shamba kubwa. Nilimwambia afanye upesi, mvua inakuja. Amenionyesha kwa kidevu. Ng'ambo ya uzio alisimama Joyline na pakiti yake mkononi, anatungoja sisi.